Habari Iliyoishia Kinindo

Ndugu zangu wa kikundi hiki cha wafiwa, nimekaa nanyi muda mrefu nikisikiliza tu. Leo nimeomba kusema, na nitasema kwa mpangilio, maana ndivyo nilivyozoea. Majina sitataja. Wanaohusika wako hai, na wengine tunasali nao.

Kaka yangu alikwenda Ulaya akiwa kijana. Kila Jumapili baada ya ibada alipiga simu, na mama aliongeza sauti ili majirani wa mtaa wetu wa Kanyosha nao wasikie. Halafu simu zikakoma. Mama akasema amebadilisha namba. Baadaye akasema labda amefungwa. Baadaye akaacha kusema.

Nawaambia, kutojua kunamaliza mtu. Aliyefiwa anakaa chini, watu wanakuja, na mwisho siku ya kuganduka inafika, mnakunywa pamoja, matanga yanakwisha. Sisi hatukuwa na ruhusa ya kulia wala ya kuacha kulia. Nilikuwa nikishona sare za wanafunzi kule Mutakura. Nikaanza kukosea vipimo, shati linatoka mkono mmoja mrefu kuliko mwingine, wateja wakahama. Nikaacha kwaya. Kukiwa na msiba mtaani nilijifungia ndani, kwa sababu niliwaonea wivu wafiwa. Ndiyo, wivu. Wao walikuwa na jeneza.

Shule niliiacha mapema. Kifaransa nilijifunza mwenyewe, kwa kamusi na magazeti ya zamani. Siku moja nikaamua kuuliza. Nikaiandikia ofisi ya mji alioishi kaka, nikitaka kujua kama wana cheti cha kifo chake. Wakanijibu nithibitishe undugu kwanza. Mnajua kwetu kila mtoto hupewa jina lake, na ndugu wa tumbo moja wanaweza wasifanane jina hata kidogo. Kwa watu wale nilikuwa mtu baki. Nikaenda komine, ofisi ya serikali ya tarafa yetu, nikafuatilia vyeti vyetu vya kuzaliwa mpaka vikapatikana, baba mmoja, mama mmoja, nikavituma. Jibu likaja: hakuna kifo kilichoandikwa hapa kwa jina hilo.

Nikamsomea mama.

"Soma tena, we mwenye makaratasi," akasema.

Nikasoma tena. Akampigia shangazi simu: "Mutoto wangu ni muzima. Serikali ya Bulaya imesema." Siku ile alikula sahani nzima.

Mimi sikutulia. Nilitafuta sheria zao nikazisoma polepole, nikaelewa kwamba kule kifo huandikwa mahali mtu alipofia, si mahali alipoishi. Mji wa kaka ulikuwa mdogo, hauna hospitali. Nikatafuta wagonjwa wa pale hupelekwa wapi, nikaandika huko. Safari hii cheti kikaja. Kaka alikuwa amekufa tangu majira yale simu zilipokoma.

Kwenye cheti kulikuwa na jina la mtu aliyekwenda kutoa taarifa ya kifo. Lilikuwa jina la Kirundi. Nikauliza huku na huku, nikaambiwa ni mtoto wa hapa Kanyosha, na dada yake anauza mawese sokoni. Dada huyo akanipa namba.

"Dada," akaniambia yule mtu, "mi nilijua munajua."

"Nani alituambia?"

"Tulituma mutu. Habari ya namna ile hatusemake ku telefone, we unajua. Alipanda ndege, akafika kwenu."

Alifika kweli. Nilimkumbuka. Alikuja siku ya mahari ya mdogo wetu, akakuta ngoma na wanawake wamevaa imvutano, mavazi yetu ya sherehe. Alijitambulisha kama mtoto wa rafiki wa marehemu baba. Akanywa chupa moja, akamkumbatia mama, hakumwachia upesi, akaondoka. Nilipompigia yeye mwenyewe, alikiri kwamba hakuweza kuweka kifo katikati ya mahari. Akaiacha habari kwa baba yetu mkubwa, anayekaa mtaa wa Kinindo, kwa kuwa kwetu mkubwa wa ukoo ndiye hutamka. Akarudi Ulaya, akawaambia wenzake kazi imekwisha.

Baba mkubwa akangoja arusi ipite. Ilipopita, mama akashikwa na presha; akangoja apone. Akawaambia ndugu wachache. Hao nao, kwa kuwa hawakuweza kumtangulia mkubwa, walikuja kwetu, wakakaa, wakatazama chini, wakaaga. Sisi tukafurahi kwamba tumekumbukwa.

Nilikwenda Kinindo nikiwa na maneno makali tayari. Nilimkuta barazani, nikampa cheti. Akakishika bila kukisoma.

"Kila siku nilisema kesho, mwanangu. Kesho zikakuwa nyingi, nikaanza kuogopa mutaniuliza sababu ya kunyamaza."

Ndugu zangu, hapo ndipo nilipogeuka. Ningeweza kwenda kumwambia mama mwenyewe, na ukoo ungepasuka siku ile. Lakini nikaona kwamba miaka yote hii matanga yalikuwapo, ila alikuwa ameyakalia peke yake.

Nikamwambia, "Karatasi nimeitafuta mimi. Kutamka ni kazi yako. Vaa koti, baba, twende."

Tuliingia Kanyosha pamoja na wazee wengine wawili. Mama alikuwa akichambua maharage. Alitutazama mmoja mmoja, akaweka ungo chini kabla mtu hajafungua mdomo.

"Mumekawia," akasema. "Mukae."

Baba mkubwa akatamka. Mama akalia, tukalia, majirani wakaingia bila kuitwa. Kaburi liko mbali, hatujaliona. Lakini tulikaa matanga yetu, na baadaye tukaganduka kama watu wengine. Mama sasa anasema "marehemu mwanangu," na sauti haikatiki. Mimi nimerudi kwenye cherehani, na mashati yanatoka sawa.

Nawashukuru nyinyi mliokuja kunigongea mlango nilipojifungia. Namshukuru muuza mawese. Namshukuru karani wa komine, ambaye hakunichoka. Na baba mkubwa namshukuru, maana kutamka baada ya kuchelewa vile ni kazi ngumu kuliko kutamka mapema.

Neno langu kwenu ni hili. Ukitumwa habari ya kifo, usimwachie mwingine, na usirudi kusema umeifikisha. Kaa hapo mpaka mwenye nyumba amelia mbele yako.