Moyo Uliopimwa kwa Jina la Mbaraka

Kijiwe cha Kongowe, pale Kibaha, kilikuwa benchi moja la mninga na dele la kahawa la Mzee Kitwana. Mwaka ule wa sabini na saba, baada ya swala ya alasiri, Zahoro alirudi kukaa mahali pake kwa mara ya kwanza tangu amzike kaka yake Mbaraka, siku tisa nyuma. Mbaraka alianguka katika shamba la kijiji, jembe mkononi, akakata roho kabla hawajamfikisha kivulini. Mwezi mmoja kabla ya hapo Daktari Wilfred, mtafiti wa mambo ya moyo, alikuwa amekuja na mashine yake ya nyaya, akawapima watu thelathini walioandikwa na mabalozi wa nyumba kumi. Jina la Mbaraka lilikuwamo. Basi kijiwe kizima kilikwisha kumjua muuaji.

— Ile mashine ndiyo iliyommaliza, alisema Hemedi, ambaye kwa kuokota kila habari walimwita Redio. Daktari mwenyewe alitamka mbele yetu: moyo wa mtu una umeme wake. Sasa yeye kauchota!

— Kaupeleka wapi? aliuliza Mzee Kitwana huku akimimina.

— Kidatu, kwenye bwawa la umeme, mzee wangu. Mvua haba, mitambo inahema. Unadhani taa za Dar zinawaka kwa nini?

— Acha ushamba, Redio, alidakia Isihaka, aliyewahi kuwa tarishi serikalini na mpaka leo wakimwita Kamishna. Mimi nimeshika mafaili. Daktari alisema iko mishipa miwili ya fahamu: mmoja unaukimbiza moyo, wa pili unautuliza, na wewe mwenyewe huiamrishi. Kweli si kweli?

— Kweli, alikubali Redio.

— Basi aliye na ile michoro iliyotoka kwenye mashine ndiye anayeiamrisha! Anabonyeza kidude huko aliko, wewe huku moyo unakwenda mbio. Anabonyeza tena, unasimama. Mbaraka kazimwa, jamani.

— Lahaula!

— Na Jumamosi anahamia Marui, huko Kisarawe, aliendelea Kamishna. Tumalize vikombe twende ofisi ya kijiji, mwenyekiti aandike barua, wamzuie njiani. Zahoro, wewe ndiye mfiwa. Dole gumba la kwanza lako.

Zahoro aliitikia kwa kichwa. Lakini jambo moja alilijua yeye na Mola wake tu: ile mashine haikumgusa Mbaraka. Asubuhi ya kipimo kaka yake alimvuta nyuma ya nyumba, jasho linamtiririka. Mwaka mzima alikuwa akizimia kwa siri, na aliogopa kuambiwa ukweli.

“Nenda wewe, mdogo wangu, uitikie jina langu,” alimwambia. “Tumetoka tumbo moja, tumenyonya ziwa moja. Moyo wako ukiwa mzima, wangu utaharibikaje?”

Zahoro akaenda. Akalazwa, akafungwa nyaya, akaambiwa asimame ghafla, akatumbukiza mkono katika maji ya barafu. Alirudi na cheti: moyo salama. Mbaraka alikibusu, akakitia mfukoni, na kesho yake akarudi kung'oa visiki alivyokuwa akivikwepa tangu mwaka jana. Na mdogo wake, Mungu amsamehe, alimtazama akifurahi, akajiona amefanya wema.

— Mbona kimya, bwana? Redio alimgusa bega. Au na wewe kakubonyeza?

Kabla hajajibu, mwanamke mwenye sare nyeupe alishuka baiskeli. Alikuwa Laurensia, muuguzi wa Daktari Wilfred, ametumwa kuhani msiba.

— Shikamooni, wazee. Nimeelekezwa hapa kwa ndugu wa marehemu...

Akamwona Zahoro. Uso ukamchangamka.

— Kaka Mbaraka! Mungu mkubwa! Nyaya nilikufunga kwa mikono yangu mwenyewe. Mbona wanasema umekufa?

Redio alicheka, kisha akaacha.

— Dada, umechanganya, alisema Kamishna. Huyu ni Zahoro. Mbaraka tumemzika.

— Hajachanganya, alisema Zahoro, kwa sauti ndogo. Mbaraka hakupimwa. Niliitikia mimi jina lake.

— Astaghfirullahi, alinong'ona Mzee Kitwana.

— Barua isiandikwe. Mwacheni daktari aende Marui. Wako wengine huko wanaoanguka.

Laurensia alitoa mkobani kipimo chenye jina la Mbaraka, karatasi ndefu ya mistari, akaifuata kwa kidole mpaka kwenye maandishi ya chini.

— Siku ile daktari alikuuliza: katika ndugu zako, yuko anayezimia? Ukajibu hayuko. Ungesema yuko, tungemfuata nyumbani jioni ile ile. Kwa nini hukusema?

Zahoro aliipokea ile karatasi, akaweka dole gumba juu ya jina la kaka yake. Kamishna, aliyekuwa na jibu la kila kitu tangu Uhuru, aliinuka, akampisha muuguzi akae. Mzee Kitwana alianza kukusanya vikombe, vingine bado vimejaa.