Ile N Niliyoitoa kwenye Kadi ya Harusi

Ndugu zangu. Nimelitamka hilo neno na bado nimesimama, kwa hivyo nadhani nitafika mwisho. Nitasoma kwenye karatasi kwa sababu mkiniangalia sana nitasahau. Mama wa pale mbele, endelea tu kukata maua yako ya karatasi. Sauti ya makasi inanisaidia.

Wengi wenu mmeona zile kadi zangu ambazo ukizifungua maneno yanasimama, na mkaniuliza kwa nini herufi ya kwanza huwa kubwa kuliko zingine na ya rangi ya dhahabu. Huwa nacheka, nasema ni mtindo tu. Leo nitawaambia ilivyoanza. Jina la mtu sitataja, maana wengine wenu mnanunua nyama kwao.

Mimi kwetu ni Laare. Nimekua nikimsaidia mama kufunga miraa kwa majani ya mgomba, na nyumbani tunaongea Kimeru. Sasa Kimeru, mnajua wenyewe, hakipendi kuacha B, D au G ikae peke yake, lazima iwe na M au N mbele. Duka ni nduka. Kwa hivyo hata Kiswahili tunakipeleka hivyo hivyo, na kule kwetu hakuna anayeshtuka.

Nilishtukia shuleni, hapa mjini. Siku ya wazazi nilipewa kazi ya kuwakaribisha wageni. Nilikuwa nimefanya mazoezi wiki nzima mbele ya ukuta wa bweni. Nikasimama, nikasema kwa sauti, "Karimbuni wazazi, kaka na ndada zetu."

Kwanza alicheka mmoja, halafu safu, halafu ukumbi. Nilimtazama mwalimu aliyenichagua, nikaona amegeukia dirisha mabega yakitikisika. Nilirudi kukaa bila kumaliza.

Kuanzia hapo jina langu likawa Ndada. "Ndada, pita hapa!" "Ndada, ngari imekuja kukuchukua!" Nikiingia bwenini mtu anasema, "Karimbu." Ukiwauliza watakuambia ulikuwa mzaha tu. Lakini mimi nilianza kupima kila neno kabla sijalitoa. Nikiona D, natafuta kama kuna N naifukuza. Nikiona B, naikagua kama ina M. Mwishowe ikawa rahisi zaidi kunyamaza. Darasani nikiulizwa swali naandika jibu kwenye kipande cha karatasi, nakinyanyua. Mwalimu mmoja alidhani nina kiburi. Likizo ilipofika nilikuwa sijui mara ya mwisho kuongea sentensi nzima na mtu asiyekuwa mama yangu ilikuwa lini.

Likizo hiyo nilikaa kwa mama mdogo hapa mjini. Jirani yake ni mama mmoja Mwislamu, bwanake ana bucha. Huyo mama anapenda karatasi kama vile wengine wanavyopenda vitambaa. Alinikuta nimekaa kwenye ngazi nikikunja pakiti ya unga, akasimama na kikapu chake.

"Nani alikufundisha kukunja hivyo?"

Nikainua mabega.

"Hupigani nayo. Wengi hupigana na karatasi," akasema. "Kesho uje."

Nilikwenda. Ndugu zangu, yule mama hakuniuliza kwa nini siongei. Alinipa kazi. Alinionyesha kwamba karatasi ngumu ina nyuzi hata kama huzioni. Unaipinda polepole bila kuibana, kwanza upande huu, halafu upande ule. Upande unaokubali ndio njia ya nyuzi, hapo ndipo unakunja. Ukikunja kinyume, mgongo wa kadi unapasuka na rangi inabanduka. Nilielewa mara moja, kwa sababu jani la mgomba ukishindana na mistari yake nalo linachanika. Alinifundisha kupitisha biro iliyoisha wino kando ya rula kabla ya kukunja, na kulaza mkunjo kwa mgongo wa kijiko. Alinifundisha uji wa unga wa ngano wa kubandikia upakwe mwembamba, maana ukiwa mwingi karatasi inavimba kama mandazi.

Halafu akanifundisha herufi za kusimama. Unakunja karatasi, unachora herufi juu ya mkunjo, unakata pembeni tu. Kichwa cha herufi unakiacha kimeshikana na ukuta wa nyuma, mguu unauacha umeshikana na sakafu. Ukifungua kadi, herufi inajitokeza mbele yenyewe. Nilipoiona mara ya kwanza nilitoa sauti bila kujua. Yule mama alitabasamu, akaendelea na yake.

Binti yake alikuwa anakaribia kuolewa. Huyo alikuwa na mdomo. "Mama, huyu msichana wako ni bubu ama anatudharau?"

"Muache. Mikono yake inaongea."

"Basi iniongelee na mimi. Nataka kadi zangu azitengeneze yeye."

Hapo ndipo nilipata kazi yangu ya kwanza. Ndani kuwe na neno moja tu la kusimama, NDOA. Chini yake nibandike karatasi ndogo iliyochapishwa inayoendelea, "ya binti yetu mpendwa," halafu jina, siku na mahali. Yule mama angepamba majalada ya nje kwanza, halafu mimi nifanye ndani nikiwa kwa mama mdogo.

Nilichora neno kwa penseli vizuri kabisa. NDOA. Nikachukua wembe. Kabla sijakata nikalitazama tena, na nikasikia ule ukumbi. Nawaambia ukweli, nilisikia. N kabla ya D. Si ndiyo ile ile? Si ndada huyo, amerudi na nguo nyingine? Nililisema kimoyomoyo mara ndoa, mara doa, mpaka yote mawili yakawa hayana maana. Hakukuwa na mtu wa kuuliza, na hata angekuwepo nisingeuliza. Nikachukua kifutio, nikaifuta N. Nikasogeza herufi zilizobaki zikae katikati. Nikakata kiolezo, na kwa kiolezo hicho nikakata kadi zote.

Na nilijisifu! Nilijiambia, safari hii hawatanicheka.

Nilizipeleka zikiwa zimefungwa, zimepangwa ndani ya katoni. Ilikuwa alasiri, mvua ya manyunyu inaanza. Nyumba ilikuwa imejaa wanawake, shangazi wa bi harusi wametoka Isiolo na Embu, jikoni kunakaangwa, na mlangoni kijana wa pikipiki anangoja kuzipeleka kadi stendi zisambae jioni hiyo. Kila mtu alisifu majalada. Hakuna aliyefungua ndani, maana mikono ilikuwa na mafuta na kila mmoja alikuwa na haraka.

Shangazi mmoja, mkubwa wao, mwenye Kiswahili cha kunyooka, alishindwa kujizuia. Akashika moja kwa ncha za vidole. Akairudisha haraka.

"Astaghfirullah. Tazama, nimeitia doa."

Ndugu zangu, nikaigeukia ile katoni.

Doa. Ndilo neno nililokuwa nimelikata, kadi baada ya kadi, nikalilaza kwa kijiko. Doa ya binti yetu mpendwa. Na katoni ilikuwa tayari inafungwa kwa kamba.

Nilitafuta biro, hakuna. Nikamvuta yule mama leso.

"Nini, mwanangu?"

Nikaonyesha katoni kwa kidole. Nikatikisa kichwa. Yule kijana alikuwa ameshaibeba, anaipakia nyuma ya pikipiki, anaifunika na nailoni.

"Sema," mama akaniambia. Hakupandisha sauti. "Safari hii mikono haitoshi."

Wanawake wote waligeuka. Mwiko ukanyamaza ndani ya sufuria. Nilikuwa najua kwamba nikinyamaza, hakuna atakayenicheka, nitakuwa nimefika kwa mama mdogo, na kadi zitafunguliwa mbali, Isiolo, Embu, na aibu itakuwa ya bi harusi peke yake. Pikipiki ikawashwa.

Nikapiga kelele. "Asiende! Nimeandika vimbaya!"

Vimbaya. Ndiyo. Kwa mara ya kwanza mbele ya watu tangu siku ya wazazi, na ikatoka na M yake. Msichana mmoja jikoni akaguna kicheko, "Eti vimbaya." Sikujali, nilikuwa nakimbia kumshika mwenye pikipiki koti.

Katoni ilirudishwa mezani. Bi harusi mwenyewe ndiye aliyefungua kadi. Neno likasimama vizuri sana, limenyooka, herufi hazina hata ukingo uliochanika. Kazi safi kabisa.

Shangazi mkubwa akavaa miwani.

"Doa ya binti yetu mpendwa," akasoma. Akaivua miwani. "Na hata kama ni doa, basi lingekuwa doa la, si doa ya."

"Shangazi!"

"Nasema tu."

Bi harusi akanitazama. Macho yake yalikuwa yamejaa maji. "Nilikukosea nini? Kwa sababu nilikuita bubu?"

Ningependa kuwaambia niliongea vizuri. Sikuongea vizuri. Nilisema nusu Kiswahili nusu Kimeru, kwamba hapana, kwamba shuleni wananicheka, kwamba mimi huweka N mahali haitakiwi, kwa hivyo nilipoiona nikadhani ni yangu, nikaitoa. Nilisema "ndada" mbele yao ili waelewe. Kuna waliocheka, na mimi nikaendelea tu.

Bi harusi alijifuta uso kwa mkono. "Liseme neno lenyewe."

"Ndoa."

"Tena. Wale wa jikoni wasikie."

"Ndoa!"

"Hiyo N ndiyo naitaka. Irudishe. Na iwe kubwa, mtu akifungua imgonge puani." Akageukia mlango. "Wewe wa pikipiki, zima hiyo kitu, ingia unywe chai."

Lakini kusema ni rahisi. Nafasi kabla ya D ilikuwa ndogo, neno nilikuwa nimelisogeza katikati. Nikakata N ya pekee kwa karatasi ya dhahabu iliyobaki kwenye zawadi, nikaiachia masikio mawili ya kubandikia, moja la ukuta, moja la sakafu, ili isimame mbele ya wenzake. Ya kwanza nilikata ndefu mno. Kadi ilipofungwa N ikachomoza nje kama ulimi. Ya pili nilibandika sikio juu ya mkunjo badala ya kando yake, na kadi ikachanika pale pale mbele ya shangazi. Nje giza lilikuwa linakaribia, na mvua imefanya uji usikauke. Yule mama akaleta pasi ya makaa, akaweka kitambaa juu ya kadi, akapitisha haraka haraka. Ya tatu ikashika. Tukafungua. N ikatangulia, halafu D, O, A zikaja nyuma yake.

"Haya, tuambie sisi tufanye nini," mama akasema.

Na hapo, ndugu zangu, ilibidi niongee jioni nzima. "Pindeni kwanza muone nyuzi. Mbele, si nyuma. Sikio liende ndani. Shangazi, uji mwembamba." Mbele. Ndani. Mwembamba. Maneno yenye N zake na M zake halali, na hakuna aliyesimama kuyapima. Yule aliyeguna jikoni ndiye alikuwa ananikatia N, na kila akikosea alisema, "Nimekata vimbaya," na tukacheka, na nikagundua hata mimi nacheka.

Pikipiki iliondoka taa zikiwa zimewashwa. Zote zilikwenda isipokuwa iliyochanika na ile moja yenye alama ya mafuta ya shangazi. Hiyo ya mwisho bi harusi hakukubali irekebishwe. Alinipa mimi. "Hii ina madoa mawili," akasema. "Ukae nayo."

Nimekuja nayo leo, itapita mikononi mwenu. Msiifute.

Shule ilipofunguliwa, nilipofika langoni nilisikia sauti ninayoijua. "Ndada! Karimbu!" Moyo uligonga kama zamani. Lakini nikageuka. Nikamwambia, "Dada haina N. Ndoa ndiyo inayo. Yako ikifika uje nikutengenezee kadi." Sisemi kwamba waliacha siku hiyo hiyo. Na bado M na N hunitoroka, hasa nikiwa na haraka. Lakini mwalimu akiuliza swali sasa nanyanyua mkono wenyewe, bila karatasi.

Namshukuru mama wa bucha ambaye alinipa kazi kabla ya kunipa maswali. Namshukuru bi harusi, ambaye siku hizi ni mama wa mtoto. Namshukuru hata shangazi, maana bila mafuta yake tungepotea wote. Na wewe wa pikipiki, kama habari hizi zitakufikia, pole kwa koti.

Nanyi mnaokata kadi pamoja nami, nina neno moja tu la kuwaachia. Kabla ya kushika wembe, litamkeni lile neno kwa sauti, na mlitamkie mtu. Penseli inafutika. Karatasi ikishakatwa, imekatwa.

Nimemaliza, ndugu zangu. Ndugu, kwa N.