Tarehe Aliyoiandika Mwalimu Konsolata

Ndugu waombolezaji, Tumsifu Yesu Kristo, na wenzetu wa imani nyingine tunawasalimu kwa heshima zote. Mimi ni Kasmiri, mdogo wake marehemu, familia imenituma nisome maisha yake, na kwa kuwa yeye alikuwa mwalimu wa kuhakiki habari, tena mbishi, kila tarehe mtakayoisikia hapa tumeitoa kwenye cheti au kwa watu wawili walioshuhudia.

Marehemu Konsolata Valentino Ngwila alizaliwa tarehe 12 Machi 1974 hapa hapa Kiberege, mtoto wa tatu kati ya sita wa Mzee Valentino na Mama Restituta, ingawa cheti kinasema tarehe 14, kwa sababu baba alichelewa kwenda kuandikisha akaona aibu kusema. Alisoma shule ya msingi hapa kijijini mwaka 1982 hadi 1988, sekondari Mahenge 1989 hadi 1992, kidato cha tano na cha sita Morogoro, na mwaka 1998 akapata stashahada ya uandishi wa habari Dar es Salaam.

Januari 1999 aliajiriwa na kituo kimoja cha redio cha huku bondeni, ambacho siku hizi hakipo, akawa anasoma matangazo ya vifo kila siku saa saba mchana. Tarehe 1 Julai 2000 alifunga ndoa takatifu na Bwana Beatus Likangaga, parokiani Ifakara, wakajaliwa watoto wawili, Antoni aliyezaliwa 2001 na Paulina aliyezaliwa 2006.

Tarehe 8 Septemba 2003 alisoma tangazo la kifo cha Mzee Evarist wa Mkula, lililoletwa kwa karatasi na mtu aliyejiita mpwa wake, na Konsolata hakumtuma mtu kwenda kuuliza. Mzee Evarist alikuwa nyumbani kwake, amekaa kwenye kigoda, anasikiliza redio hiyo hiyo, akacheka sana, akawaambia wajukuu wasibishane na redio, na siku ya tisa akafariki bila kuugua hata mafua. Konsolata alikwenda kuzika, akakaa nyuma kabisa, na mjane hakumlaumu, ila alimwomba asitaje tena kifo cha mtu kabla hajapata aliyekiona kwa macho. Wiki hiyo hiyo aliacha kazi ya redio, akarudi shule, akapata shahada mwaka 2007 na shahada ya uzamili mwaka 2012.

Oktoba 2012 aliajiriwa kuwa mhadhiri katika tawi la chuo kikuu pale Ifakara, idara ya uandishi wa habari, akafundisha vijana maswali yake matatu, yaani nani ameona, ameona akiwa wapi, na nani mwingine anathibitisha. Aliwapa picha za mafuriko zilizozagaa kwenye simu, waseme kama ni za Mto Kilombero au za nchi nyingine, na aliyeleta jibu bila tope kwenye viatu alirudishwa mtoni kwa miguu.

Tarehe 22 Mei mwaka huu wa 2025 aliwapa wanafunzi wake thelathini na mmoja zoezi la kukagua tangazo la kifo, na kwa kuwa aliapa hatachezea tena jina la mtu, aliandika la kwake mwenyewe, lenye picha yake, kwamba amefariki Alhamisi tarehe 19 Juni 2025, saa tisa alasiri, nyumbani kwake Mang'ula. Wengine walikagua nembo, maandishi na picha, lakini Jane Mabula, binti wa wafugaji wa ng'ambo ya mto, peke yake ndiye aliyenyoosha mkono akasema kwamba shikamoo Mwalimu, naomba radhi, tarehe hii bado haijafika. Marehemu alifurahi, akampa alama zote.

Kwa bahati mbaya tangazo lilivuja, na siku ya pili watu walifika Mang'ula na mikeka na kuni, wakamkuta marehemu uani anapepeta mchele, akawapikia mchele ule ule wakala msiba wake naye akiwemo. Jane, kwa nia njema, aliandika kwenye makundi yote ya WhatsApp kwamba habari si za kweli, Mwalimu yu hai, na tarehe yenyewe haijafika.

Kuhusu ugonjwa, Oktoba 2023 marehemu aligundulika kuwa na tatizo la moyo kupanuka, akawa anahudhuria kliniki na kumeza dawa bila kukosa. Tarehe 19 Juni alikula mchana vizuri, akalalamika pumzi, na saa tisa alasiri, kabla gari halijafika, akafariki kitandani kwake, mimi na shemeji Beatus tukiona. Tulipotoa taarifa hakuna aliyetuamini, watu wakapiga namba yake wamuulize mwenyewe, simu ikaita kwenye mkoba wake mpaka jua likazama, na kila nilipopokea niliambiwa nimpe Mwalimu.

Ndugu zangu, tangu juzi kuna maneno kwamba Jane alijua, kwa kuwa aliandika kuwa tarehe haijafika, na kwamba asikanyage hapa. Jana familia ilikaa, ikauliza maswali matatu ya marehemu, ikakuta kwamba saa tisa ile Jane alikuwa kwenye chumba cha mtihani Ifakara, msimamizi na wenzake thelathini wanathibitisha. Tulifungua pia daftari la marehemu, na humo aliandika kwanza tarehe 30 Juni, akaikata kwa kalamu yake mwenyewe, akaandika 19. Kwa nini aliikata, mumewe hajui, daktari hajui, na mimi niliyeutazama ule mstari usiku kucha sijui, lakini dada alitufundisha kwamba tusilolijua tuseme hatulijui, tusilitafutie mtu wa kulibeba, na hivyo ndivyo tunavyosema mbele ya jeneza lake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Mang'ula waliokuja mara mbili kwa msiba mmoja, wahadhiri wenzake, na Padre wetu.

Jane amesimama pale barabarani tangu asubuhi, anaogopa kuingia. Shemeji na watoto wakishaweka udongo, anayefuata ni yeye, kabla yangu mimi na kabla ya kiongozi yeyote. Vijana mliokaa njiani, mpisheni mtoto.

Dada Konsolata, pumzika kwa amani.