Likizo Niliyomtafutia Kadzo Wenzake

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena! Nimesimama hapa mbele yenu, na leo sinyamazi.

Mwanangu Kadzo mnamjua. Ndiye aliyekuwa akipanda viti watu wakiomba, akiwasukuma wenzake wa Shule ya Jumapili hadi wakawa wanamkimbia. Daktari mmoja Malindi alinieleza kwamba ana tatizo la umakini na utulivu. Huona jambo, hulitenda, ndipo hufikiri. Si ukaidi, wala si malezi mabaya. Akaniambia nimtafutie mahali atakapofundishwa polepole kuishi na wenzake, tena akiwa pamoja na watoto, si peke yake nyumbani.

Nikarudi Gede na neno hilo. Mavyaa wangu akalikataa. "Huyu ana pepo," akasema. "Likizo ya Agosti ikiisha yuko vivi hivi, namchukua mimi nikampeleke kupungwa." Mume wangu akatoka nje, akaniacha naye. Kule kutoka kwake kulinitisha kuliko maneno ya mamake!

Ndugu zangu, nilitafuta! Watamu kulikuwa na kambi ya watoto wakati wa likizo. Walimpokea asubuhi, na kabla ya adhuhuri simu ikalia: njoo umchukue, amemsukuma mwenzake kando ya bwawa la kuogelea. Mungu ni mwema, yule mtoto hakutumbukia. Kwenye kambi ya Kilifi waliniuliza yukoje. Nilipowaambia kweli, nafasi zikawa zimejaa. Tukirudi, Kadzo akaniuliza, "Mama, mbona mimi sitakiwi?" Nikamvuta karibu nami. Nikamlilia Bwana kimoyomoyo, maana likizo ilikuwa inakwisha.

Ndipo mama mmoja niliyekaa naye kliniki akanielekeza Mambrui, kwa Mwalimu Zuhura, mama wa Kiislamu anayewakusanya watoto kama hawa uani kwake shule zikifungwa. Huwafundisha kusubiri zamu, kusikiliza, kuombana radhi. Nilimweleza yote, hata la bwawa. Akasema, "Mlete. Nikimkataa na mimi, atakwenda wapi?"

Kila siku nilikaa nje ya ua wake wa makuti, simu mkononi, nikingojea kuambiwa basi, mwondoe. Siku moja nikasikia mayowe. Kadzo! Nikakimbilia mlangoni. Mwalimu akanizuia.

"Tulia, Mama Kadzo. Wamegombania kamba ya kuruka. Mwache amalize mwenyewe."

Amalize nini? Ampige mtoto wa watu? Nikachungulia. Kadzo amekunja ngumi, mwenzake analia. Midomo yangu inasema Yesu, Yesu, Yesu! Nikamwona akiinamisha kichwa. Akavuta pumzi. Akavuta tena, kama alivyofundishwa. Ngumi ikafunguka!

"Niwie radhi," akasema. "Anza wewe. Mimi nitangoja."

Na akangoja, ndugu zangu! Alikuwa akirukaruka, akijing'ata kidole, lakini alingoja! Mwalimu akasema alhamdulillahi, mimi nikasema haleluya, tukashikana tukilia.

Mavyaa alikuja likizo ilipokwisha, kama alivyoapa. Nikamwona anashuka kwenye tuktuk. Akamkuta Kadzo mbele ya nyumba akicheza na watoto wa jirani, wale wale waliokuwa wakimkimbia. Akavuta kiti, akawatazama wakipeana zamu. Nikamweleza habari za Mwalimu Zuhura. Mwishowe akasema, "Mwanangu, likizo ya Disemba nitampeleka Mambrui mimi."

Sisemi tabu zimekwisha. Bado yako mambo, na wengine wenu mmeyaona hata asubuhi hii. Lakini ile hofu iliyokuwa imenitawala, Bwana ameiondoa! Namshukuru Mungu aliyenifungulia mlango ambao nisingeubisha kwa akili zangu.

Na wewe mama uliyeketi kule nyuma, unayemshika mwanao mkono kwa nguvu ili watu wasigeuke, nakuona. Mtumaini Bwana, wala usichoke kutafuta. Tukitoka hapa nitakupeleka kwa Mwalimu Zuhura mwenyewe. Ila kwa sasa mwachilie mtoto huo mkono. Akitaka kusimama, asimame. Hii ni nyumba ya Baba yake.