Farasi Wawili na Nusu wa Papa Constant

Mgeni rasmi, Papa Constant Baharanyi. Mwalimu wetu Olive. Wapapa na wamama wa mtaa: amani ya Bwana iwe kwenu.

KUKUKARIBISHA

Papa Constant, tunajua si rahisi kukaa kwenye kiti hiki mbele ya watu waliokuzomea. Tulipokuletea barua ya mwaliko, tulisali tukidhani ungeirudisha. Umekuja. Tunamshukuru Mungu, na wewe tunakushukuru.

HISTORIA YETU

Sisi ni wanafunzi ishirini na sita wa masomo ya jioni hapa Katoyi. Wengi wetu tuna wajukuu. Tunasoma kuanzia saa kumi na moja, kisha tunasali na kutawanyika kabla giza halijatukuta njiani. Kabla ya kuwa wanafunzi tulikuwa kikundi cha mashine ya kusaga mahindi na muhogo. Fundi aliyetuchomelea mashine alituambia inahitaji mota yenye nguvu ya farasi kumi. Tulikuja dukani kwako Murara, ukatuuzia mota yenye kibati kilichoandikwa kilowati 7,5.

Tulipofika nyumbani tulisoma kibati. Tulikuwa tunajua kusoma namba tu. Tukasema: tumelipia kumi, tumepewa saba na nusu. Farasi wawili na nusu wameibwa.

Tulikurudishia mota ile kwa chukudu, kile kigari cha mbao cha kusukuma, tukiimba njia nzima kwamba umetuibia. Wewe ulisema kwa upole, "Wamama, kilowati saba na nusu, ile ni farasi kumi. Mulete mutu wa kusoma, nimueleze."

Tukakujibu, "Saba haiwezi kuwa kumi, hata mbinguni!" Na mmoja wetu akaongeza, "Papa, ile nusu ya farasi ulibakiza, ni ya mbele ama ya nyuma?" Barabara yote ilicheka. Uliturudishia pesa yetu yote.

Haikutosha. Tulisimama katika mashirika, zile jumuiya za sala za Katoyi na Murara, baada ya sala, tukaonya watu wasinunue kwako.

TULICHOFANIKIWA

Mwaka huu tumejifunza kugawanya, desimali, na vipimo vya nguvu. Mwalimu Olive alitufundisha kwamba farasi mmoja ni nguvu ya kuinua kilo sabini na tano, mita moja, kwa sekunde moja. Alileta mfuko wa mahindi wa kilo hizo, akauliza nani ataujaribu. Papa Fortunat aliuinua mita moja kwa sekunde nne. Mama Bibiche akapiga kelele, "Mutu muzima, robo ya farasi!" Tulicheka sana jioni ile.

Kisha mwalimu aliandika: farasi mmoja ni wati 736. Akasema, "Mama Katungu, njoo ubadilishe farasi kumi."

Wenzangu wameniruhusu hapa niseme "mimi". Niliandika ubaoni wati 7360. Nikagawanya kwa elfu: kilowati 7,36. Nikaiona mota yako. Ilikuwa na farasi kumi na kidogo zaidi. Ni mimi niliyeuliza kuhusu ile nusu, Papa.

YANAYOTULEMEA

Baada ya kukuacha tulinunua kwingine mota iliyoandikwa farasi 8. Tulisema nane si kumi, lakini inapita saba na nusu. Sasa tunajua kwamba hata kilowati sita haikufika. Ilisaga kwa kukohoa wiki tatu, ikaungua. Tangu hapo wamama wetu wanabeba mahindi hadi Mugunga kuyasaga.

Lakini mzigo huo si kitu. Mzigo wetu ni duka lako lililofungwa miezi minne sasa. Mzigo wetu ni Mama Nshobole, mke wako, aliyeacha kwaya kwa sababu watoto walimfuata njiani wakilia kama farasi. Watoto hao ni wetu. Maneno waliyatoa kwetu.

MAOMBI

La kwanza, utusamehe. Tumefunga siku tatu tukiomba ujasiri wa kulisema hili mbele yako.

La pili, uturuhusu kusimama Jumapili hii katika mashirika yale yale, mahali pale pale, na ubao. Tutaifanya hesabu mbele ya watu wote, tutaje jina lako, na tutaje makosa yetu.

La tatu, ufungue duka.

Tumesikia mota ile bado iko kwako, imefunikwa turubai. Hatuiombi, hatuna uso huo. Tunakuambia tu kwamba mashine yetu ingali imesimama bila mota, na boliti nne za kufungia mota tunazipaka mafuta kila Jumamosi zisishike kutu.

Papa Constant, farasi wote kumi walikuwepo. Waliokosa kuwajua ni sisi.

Mungu aliyeona ukweli tulipokuwa vipofu ailinde nyumba yako, arudishe sauti ya Mama Nshobole katika kwaya, na atupe masikio ya kusikiliza kabla ya kuimba.

Ni sisi,
Wanafunzi wa Jioni, Kikundi cha Mashine ya Katoyi.
Imesomwa na Katungu Thérèse.