Jiko Rangi ya Shingo ya Njiwa

MWANAWEMA: Haloo? Nani mwenzangu?

NUSAIBA: Asalam alaykum. Mimi, Nusaiba.

MWANAWEMA: Nusaiba yupi?

NUSAIBA: Mwanawema! Dada yako! Kwani namba yangu umeifuta?

MWANAWEMA: Waalaykum salaam. Simu mpya hii, dada, haikujui. Shikamoo.

NUSAIBA: Marahaba. Uko wapi, mbona kelele?

MWANAWEMA: Konde, kazini. Ndo kwanza nawasha moto, pweza wananisubiri. Kuna msiba?

NUSAIBA: Msiba wa nini tena?

MWANAWEMA: Tokea Idi hujanipigia. Nimeona jina lako, moyo umenishtuka.

NUSAIBA: Si umesema simu haikujui jina langu?

MWANAWEMA: Haya, umenikamata. Sema.

NUSAIBA: Kheri tu. Nina shida kidogo. Ya jiko.

MWANAWEMA: Jiko.

NUSAIBA: Lile la kuchomea, la stenlesi, alilolileta shemeji yako kutoka Dubai. Jana tumelijaribu, leo limeota marangi. Manjano, buluu, zambarau, utasema shingo ya njiwa! Na wewe lako kila siku liko motoni na linang'ara—

MWANAWEMA: Mlitia vifuu.

NUSAIBA: Umejuaje?

MWANAWEMA: Vifuu vya nazi vina moto mkali, dada. Chuma kile kikizidiwa moto hugeuka rangi. Litie mkaa, tena kidogo. [Mkwaruzo wa kusugua, upande wa Nusaiba] Unalisugua na nini?

NUSAIBA: Na stilwaya.

MWANAWEMA: Ala! Acha! Acha saa hii hii! Rangi hutoka, mikwaruzo haitoki hata ulie.

NUSAIBA: Nshaacha. Niambie basi, haraka, wageni wanafika baada ya Alasiri.

MWANAWEMA: Lipoe kwanza. Chukua soda ya kupikia maandazi, si hamira, uikoroge na maji kidogo iwe uji mzito. Pakaza penye rangi, uiache ikae. Kisha kitambaa laini, ufuate mistari ya chuma chenyewe, usizungushe mkono. Halafu futa na siki nyeupe, suuza. Isipotoka yote, rejea tena. Wageni gani?

NUSAIBA: Haloo? Mtandao huu—

MWANAWEMA: Mie nakusikia vizuri. Wageni gani, dada?

NUSAIBA: Wageni tu. Watu wa Chake.

MWANAWEMA: Watu wa Chake ndo ukeshe na jiko?

NUSAIBA: Ni wanawake wa upande wa mume. Wanakuja kumvisha pete Asma.

MWANAWEMA: Asma.

NUSAIBA: Mambo yamekwenda mbio, hata—

MWANAWEMA: Asma wangu?

NUSAIBA: Asma wetu.

MWANAWEMA: Leo ndo wetu! Ulinletea Shumba, nyumbani kwangu, ntoto hata kutambaa hajui. Surua yake nimeuguza mie, chuo cha Kurani nimempeleka mie, kanitoka mikononi kashamaliza la saba. Ulikuja kumtazama mara ngapi? Na leo anavishwa pete, mie niko hapa na pweza?

NUSAIBA: Usipige kelele, watu wanakusikia.

MWANAWEMA: Na wasikie! Gari ya Wete hii hapa inapakia. Nazima moto, sasa hivi ntakuwa—

NUSAIBA: Leo usije.

[Honi ya gari]

MWANAWEMA: Kwa nini?

NUSAIBA: Watu wale wana macho, Mwanawema. Mama mkwe wa Asma kashapita hapo Konde, kakuona kwenye moshi wako, kanunua kwako. Na sisi tumeshawaambia mtoto kalelewa hapa hapa, Wete, nyumbani kwetu.

MWANAWEMA: Na Asma karidhia nisiweko?

NUSAIBA: Nimemwambia unaumwa.

MWANAWEMA: Naumwa.

NUSAIBA: Sasa ningefanya nini? Kila saa anauliza, mama Mwanawema kaja? Mama Mwanawema yuko wapi? Hata hina hakutaka kupakwa mpaka nimemdanganya.

MWANAWEMA: Nipe niseme naye. Dada, nakuomba. Nimwombee dua tu, kisha nakata. Ntamwambia kweli naumwa.

NUSAIBA: Hina haijakauka, hawezi kushika simu—

MWANAWEMA: Mshikie wewe sikioni.

NUSAIBA: Subiri. Subiri kidogo. [Mbali na simu] Unasemaje, mwanangu? Hapana, si yeye. Ni mtu wa jiko tu. Kaa, utaiharibu hina yako! [Karibu] Haloo? Mwanawema? Upo?

[Mkwaruzo mrefu wa mkaa, upande wa Mwanawema]

NUSAIBA: Haloo?

MWANAWEMA: Nipo.

NUSAIBA: Ulikuwa unasema?

MWANAWEMA: Nlikuwa nasema, ukishalisuuza ulikaushe vizuri. Ukiliacha na maji litafanya madoa. Kisha paka mafuta ya kula, kidogo tu.

NUSAIBA: Usikasirike, mdogo wangu. Shughuli ikishapita mimi mwenyewe ntakuja huko Shumba, tuta—

MWANAWEMA: Ntu wa jiko akasirike ya nini? Usitie vifuu tena, Bi Nusaiba. Haya, nina wateja.