Mama Anne, Aliyezaliwa Ndani ya Nyumba Akalelewa Nyuma Yake

Wazee wetu wa Kasuku na wa Kailo, mashehe na mapadri, ndugu, jirani na marafiki mliokaa nasi tangu Jumamosi, mimi ni Zéphirin, mtoto wa kwanza wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kuwasomea maisha ya mama yetu, kazi niliyoikubali kwa moyo mzito, maana mengi ya haya angepaswa kuyasikia yeye mwenyewe akiwa hai, tena kutoka kwa watu wengine, si kutoka kwangu.

Mama yetu Anne alizaliwa tarehe 12 Mei 1942 kule Kailo, katika nyumba ya Bwana Jacques, Mbelgiji mwenye shamba la michikichi, na mama yake alikuwa Ramla binti Djamali, wa ukoo wa Waislamu wa hapa Kindu. Bwana Jacques alikuwa na mke wa ndoa, lakini mke huyo alikwenda kwao Ulaya mwaka 1939 kumzaa mtoto wao Gisèle, vita vya Wajerumani vikamfungia njia ya kurudi, na Bwana Jacques akamchukua bibi yetu Ramla akae naye, wala si kwa siri, kwani walilala chumba kimoja, wakala meza moja, na mtoto alipozaliwa, baba ndiye aliyempa jina la Anne, jina la mama yake mzazi.

Mwaka 1946, vita vilipokwisha, Madamu alirudi na Gisèle aliyekuwa na miaka saba, na wiki hiyo hiyo bibi Ramla na mtoto wake walihamishiwa kijumba cha nyuma, karibu na jiko, bibi akafanywa mpishi. Hakukuwa na ugomvi, hakuna aliyepaza sauti, vitu vyao vilitolewa tu nje, na kuanzia hapo mtoto wa miaka minne akafundishwa kumwita baba yake Musiyé, yaani Bwana, kama watumishi wengine.

Alisoma shule ya msingi kwa masista kuanzia 1949 hadi 1955, asubuhi tu, kwa sababu mchana alihitajika nyumbani, kuchemsha na kuchuja maji ya kunywa, kupiga pasi ya makaa nguo za Gisèle, kushusha vyandarua kabla ya jua kuzama, na kusimama nyuma ya viti wakati wa chakula akiwa ameshika sahani ya mkate. Kifaransa alichokijua, na wote mnakumbuka alikijua vizuri, alijifunza hapo nyuma ya viti kuliko shuleni. Alicheza na Gisèle barazani alipoitwa, akaondoka alipofukuzwa. Jumapili moja ya mwaka 1951 walikuja wageni, mmoja akamtazama msichana huyu, akamtazama Bwana Jacques, akauliza ni mtoto wa nani, na Bwana Jacques, bila kuacha kukata nyama yake, akajibu: "Ni wa mpishi." Mama alituambia kwamba kilichomchoma zaidi ni kuwa hakusema uongo.

Baada ya shule aliendelea na kazi katika nyumba ile hadi mwaka 1960, uhuru ulipokuja, Madamu na Gisèle wakarudi Ulaya, Bwana Jacques akabaki na michikichi yake. Tarehe 8 Julai 1961 mama alifunga ndoa na baba yetu Okito, mfanyakazi wa reli, wakahamia hapa mjini, mtaa huu wa Kasuku, akaanza kushona nguo, kazi iliyotulisha na kutusomesha sote. Walijaliwa watoto watano, wawili walitangulia wakiwa wadogo, tuliobaki ni mimi, Kassim na Divine.

Mwaka 1964 Wasimba, wale waasi wa serikali, waliuteka mji, na mwezi wa kumi Bwana Jacques alitoka Kailo kwa miguu, akajificha msituni, mwishowe akagonga mlango wa binti aliyemfundisha kumwita Musiyé. Mama alimfungulia, akampa chumba chetu. Waasi walipomkuta, waliwatoa wote uani, mkubwa wao akamwekea mzee bunduki kifuani, akamwuliza mama: "Huyu muzungu iko nani yako?" Mama hakujua jibu gani lingeua na lipi lingeponya, na ndipo Bwana Jacques akasema mwenyewe, kwa Kiswahili, kwa sauti ambayo jirani wote waliisikia: "Njo mutoto wangu. Njo damu yangu." Wazee wa ukoo wa Djamali wakaja kushuhudia kwamba kweli ni mtoto wake, na kwa sababu yao aliachwa.

Mwezi wa kumi na moja askari wa serikali walipofika na ndege zikaanza kuwachukua Wazungu, mama alimsindikiza hadi uwanja wa ndege, mimi nikiwa mgongoni mwake. Askari mmoja alimwuliza mzee kwa Kifaransa kama ana familia ya kusafiri naye, mama akiwa amesimama hapo hapo, na mzee akajibu: "Niko peke yangu." Akapanda, hakurudi tena, akafa kwao mwaka 1979. Mama alisema hangepanda hata angeitwa, alikuwa na mume na nyumba yake, lakini alitaka aulizwe.

Vita vingine vilikuja, baba yetu Okito alifariki tarehe 19 Septemba 2002, mji ukiwa umezingirwa na dawa hakuna, mama akaendelea kushona. Mwaka 2019 mjukuu wake Christelle alimtafuta Gisèle kwenye mtandao, akampata, wakaonana kwa simu. Gisèle alimtambua mara moja, akakumbuka baraza, akakumbuka mikate ya bibi Ramla, lakini alipoulizwa juu ya baba, alisema kwamba yeye aliambiwa Anne ni wa mpishi, hawezi kusema asichokijua. Tuliomba wapimwe ijulikane kama ni wa baba mmoja, tukarudia kuomba, miaka mitano. Mwezi wa tatu mwaka huu alikubali wapimwe wote wawili mate, na sisi watoto tulifurahi, ila mama akakataa. Alisema: "Mimi njo nilikuwa natandika kitanda yake kila asubui. Ananijua. Mate yangu itamwambia nini yenye macho yake haikuona?" Tulimsihi, tukakasirika, Kassim akaondoka bila kuaga, lakini hakubadili neno.

Mwezi wa sita presha ilimpanda, upande wa kulia ukapooza, akalazwa, umeme ukikatika, sisi tukienda na kurudi, tukitafuta dawa ambayo leo ipo na kesho haipo, na tarehe 3 Agosti 2024, alfajiri, akatuacha, akiwa na miaka themanini na miwili.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliofanya kazi kwa taa za simu, jirani wa mtaa huu mliotubebea maji na kuni, mafundi cherehani wenzake mliomshonea nguo anayozikwa nayo, vijana wa pikipiki mliowaleta ndugu kutoka Kailo bila kutuchosha kwa maneno. Na nimeambiwa na wazee nimshukuru pia Gisèle, ambaye jana alipiga simu akilia, akasema: "Pole, Zéphirin, kwa kumpoteza mdogo wangu." Nilimjibu asante, kama inavyotakiwa, nikakata simu, nikakaa nayo mkononi, maana neno hilo halikuwa langu, na mwenye nalo alikuwa tayari ameoshwa na kuvikwa.

Mama, umechoka vya kutosha, pumzika kwa amani. Hasira hii tuachie sisi.